Nondo wa Usiku katika Msitu wa Ngezi: Namna ya Kuwaona na Kuwatambua

Nondo ni mdudu wa kundi moja na kipepeo. Mabawa ya wote wawili yamefunikwa vigamba vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyobaki kidoleni mithili ya vumbi mdudu akishikwa. Kundi hili, ambalo wanasayansi hulitaja kwa jina la Lepidoptera, lina spishi zipatazo 160,000 zilizokwisha kuelezwa duniani, na vipepeo wa mchana katika idadi hiyo ni kiasi cha 18,000 tu. Basi katika kila spishi kumi za kundi hili, karibu tisa ni nondo. Anayewajua vipepeo peke yao amejua sehemu ndogo ya jambo. Sehemu kubwa huruka wakati milango imefungwa na watu wamelala, na anayetaka kuijua hana budi kuifuata usiku.

Kitu cha kwanza cha kumtofautisha nondo na kipepeo ni papasi, zile nyuzi mbili zinazotoka kichwani. Papasi za kipepeo ni nyembamba na nchani zina kifundo. Papasi za nondo wengi hazina kifundo hicho: ama ni uzi mtupu uliochongoka, ama zimegawika vijitawi pande mbili kwa umbo la unyoya. La pili ni mkao. Kipepeo akipumzika kwa kawaida huyakutanisha mabawa yake juu ya mgongo. Nondo wengi huyalaza, ama yametandazwa bapa, ama yameinama pande mbili kwa mfano wa paa la nyumba. La tatu halionekani kwa urahisi: nondo wengi wana unywele mgumu katika shina la bawa la nyuma, unaolishika bawa la mbele ili mabawa mawili ya upande mmoja yapige kwa pamoja.

Rangi na saa ya kuruka si alama za kutegemea. Wako nondo wa mchana, na mmoja wao ni miongoni mwa wadudu wazuri kabisa wa pwani ya Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi ni Chrysiridia croesus, alielezwa na mwanasayansi Gerstaecker mwaka 1871, na makazi yake ni pamoja na Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Mabawa yake ni meusi, yenye mistari ya kijani na maeneo ya buluu na shaba yanayobadilika rangi kadiri jua linavyoyapiga. Wengi humwita kipepeo, na si ajabu. Lakini papasi zake ni nyuzi zisizo na kifundo, na familia yake, Uraniidae, ni familia ya nondo.

Pemba ni mahali panapostahili uchunguzi wa namna hii kuliko sehemu nyingi za pwani. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba zisizofika 1,000, na kiko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, mkabala na Tanga. Katikati umepita mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Unguja haiko hivyo. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na katika zama za mwisho za barafu, maji ya dunia yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa. Kutengwa huko kumezaa viumbe wasiopatikana kwingine popote: ndege wa spishi nne, ambao ni bundi mdogo wa Pemba, njiwa wa kijani wa Pemba, chozi wa Pemba na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, popo mkubwa wa matunda, Pteropus voeltzkowi, na mti wa jamii ya mitende uitwao mpapindi. Kisiwa chenye ndege wake, popo wake na mtende wake hakifai kuangaliwa juu juu katika wadudu wake.

Msitu mkubwa uliobaki Pemba ni Ngezi, ulioko pembe ya kaskazini magharibi, kwenye njia ya kutoka Konde kuelekea Ras Kigomasha. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 1,400, na umehifadhiwa tangu miaka ya 1950. Ndani yake hamna msitu wa namna moja. Iko sehemu ya miti mirefu, yenye mivule na misufi mwitu, na mipapindi chini yake. Yako mabwawa yenye miwale. Iko ardhi ya mchanga yenye vichaka vifupi, na iko miamba ya matumbawe yenye vichaka vikavu. Pembezoni, maji ya chumvi yanakofika, imesimama mikoko. Zaidi ya Ngezi yamebaki mapande madogo ya msitu, kama Msitu Mkuu na Ras Kiuyu, na mashamba makubwa ya mikarafuu yenye miembe na minazi ndani yake.

Tofauti hizi za mimea ndizo mwanzo wa kutambua. Kiwavi wa nondo hali kila jani. Spishi nyingi hula mimea ya jamii moja tu au jamii chache, na jike hutaga mayai juu ya mimea hiyo. Kwa hiyo nondo wa mwituni si wale wa mikokoni, na wa mikokoni si wale wa kondeni. Anayeandika mahali aliposimama, na miti iliyomzunguka, amekwisha kupunguza majina mengi yanayowezekana kabla hajamtazama mdudu mwenyewe.

Majira nayo yana neno. Pemba hupata mvua nyingi, za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mvua zikianza, majani machanga huchipua, viwavi hupata chakula, na baada ya wiki chache nondo wapya hutoka kwa wingi. Kipindi cha kiangazi cha kusi huwa na nondo wachache zaidi, ingawa hawakosekani kabisa. Usiku unaofaa ni wenye joto, unyevu na mawingu, usio na upepo. Upepo mkali, uwe wa kaskazi au wa kusi, huwazuia nondo wadogo kuruka, na hulipeperusha shuka linalotandwa penye taa ili watue, hata wale waliotua wasikae.

Mwezi ni jambo la kuzingatiwa kuliko yote. Wavuvi wa dagaa wanaotumia karabai wanajua kwamba mbalamwezi huharibu kazi na giza huileta, na kwa nondo hali ni hiyo hiyo. Usiku wa mwezi mpevu, taa hushindana na anga lote, na nondo wanaofika huwa wachache. Siku za giza, kabla na baada ya mwezi kuandama, taa moja huonekana mbali na huvuta wengi. Usiku wa giza wenye mawingu na manyunyu mepesi ndio bora.

Vifaa ni vichache. Kinachohitajika kwanza ni shuka jeupe la pamba, lililotandwa wima kwenye kamba kati ya miti miwili, na ncha yake ya chini ikilazwa ardhini ili wanaoanguka waonekane. Mbele yake huwekwa taa. Taa yenye mwanga mweupe mkali, kama karabai, huvuta nondo wengi. Chemli na koroboi, zenye mwanga wa manjano, huvuta wachache. Taa zinazofanya kazi vizuri zaidi ni zile zinazotoa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mwanadamu haliuoni lakini la nondo huuona. Siku hizi zipo za LED, nyepesi, zinazowashwa kwa betri ndogo. Taa za namna hii hazitazamwi moja kwa moja, kwani mwanga huo hudhuru macho.

Kwa nini nondo huizunguka taa? Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba hudhani taa ni mwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliowafuata wadudu kwa kamera za kasi kubwa, ulitoa maelezo mengine. Mdudu anayeruka gizani anahitaji kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa mamilioni ya miaka, upande wenye mwanga zaidi usiku umekuwa anga. Kwa hiyo huuelekezea mgongo upande huo, na hivyo husimama sawa hewani. Taa ikiwa pembeni yake, anaigeuzia mgongo na kulala upande, akaanza kuizunguka. Taa ikiwa chini yake, anapinduka na kuanguka. Nondo hapendi taa, taa imempoteza. Watafiti hao waliona pia kwamba wadudu wote hawapotei hivyo. Mmoja wa waliopita juu ya taa bila kupinduka ni Daphnis nerii, nondo mkubwa wa rangi ya kijani aliyeenea Afrika. Fundisho la jambo hili ni wazi: shuka na taa havionyeshi nondo wote waliopo, na anayetegemea taa peke yake atawakosa baadhi.

Hao wengine hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chambo. Ndizi zilizoiva kupita kiasi hupondwa, huchanganywa na sukari guru, kisha huachwa siku mbili tatu zichachuke. Jioni, kabla giza halijaingia, rojo hilo hupakwa kwenye magome ya miti kadhaa, kimo cha kifua, kando ya njia. Miti hiyo huzungukiwa kila baada ya nusu saa kwa tochi hafifu, ikiwezekana yenye mwanga mwekundu, kwa sababu mwanga mkali huwatimua. Njia hii huleta nondo wanaokula matunda na utomvu, ambao kwenye taa hufika kwa nadra.

Ya pili ni maua. Maua yanayofunguka magharibi, meupe na yenye harufu tamu, kwa kawaida yanangoja wageni wa usiku. Mpapai ni mfano ulio karibu na kila nyumba. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba wachavushaji wakubwa wa mipapai ni nondo wa familia ya Sphingidae, na kwamba ubora na umbali wa mapori ya jirani ulihusika na uchavushaji huo. Kusimama kimya karibu na mpapai dume kuanzia jua linapozama hadi giza linaposhika ni njia ya kuwaona nondo hawa wakielea hewani mbele ya ua, mrija umenyooka, bila kutua.

Kazi ya usiku msituni ina adabu zake. Ngezi ni hifadhi, na kuingia usiku kunahitaji ruhusa ya idara inayosimamia misitu pamoja na mwenyeji anayezijua njia. Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu na tochi ya akiba ni vya lazima, kwani nyoka nao hutembea usiku. Viwavi wenye nywele au miiba hawashikwi kwa mkono mtupu. Kazi ikimalizika, taa huzimwa na nondo waliobaki kwenye shuka huhamishiwa kichakani taratibu. Wakiachwa peupe hadi asubuhi, wote huliwa na ndege.

Nondo akishatua, kumtambua huenda kwa mpangilio. Mpangilio huo ukifuatwa, hata asiyejua jina moja ataweza kumfikisha mdudu kwenye familia yake. Kwanza huangaliwa ukubwa, kwa kupima ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, au kwa kuweka rula kando yake. Pili, mkao: bapa, paa, au mabawa yaliyovutwa nyuma kama ncha ya mshale. Tatu, papasi: uzi au unyoya. Unyoya mpana mara nyingi ni dalili ya dume, kwa sababu dume ndiye anayenusa harufu ya jike kutoka mbali. Nne, kichwa na mdomo: mrija mrefu uliojikunja, au hakuna mrija kabisa, au viungo viwili vilivyochomoza mbele mfano wa pua. Tano ndipo huja mabawa: mistari mingapi inavuka bawa la mbele, ipo alama ya duara au ya umbo la figo, na bawa la nyuma lina rangi gani. Wengi huanza na rangi ya mabawa, na hapo ndipo wanapopotea, kwa maana vigamba huchakaa na nondo mkongwe hafanani na aliyetoka jana.

Familia rahisi kujulikana ni Sphingidae. Miili yao ni minene, imechongoka nyuma. Mabawa ya mbele ni membamba na marefu, ya nyuma ni madogo. Mkao ni wa mshale. Huruka kwa kasi kubwa. Viwavi wao wana pembe moja mwishoni mwa mwili. Agrius convolvuli ana rangi ya kijivu na pingu za waridi pande mbili za tumbo, na mrija wake umezidi urefu wa mwili. Kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu na mimea ya jamii yake, jamii ambayo mlakasa utambaao ufukweni ni mmojawapo. Hippotion celerio ana mstari wa fedha unaokata bawa la mbele hadi nchani, na kiwavi wake mwenye madoa ya macho hupatikana hata kwenye majimbi. Daphnis nerii, yule asiyepotezwa na taa, ana michoro ya kijani na waridi, na viwavi wake hula mimea ya familia ya Apocynaceae, yenye utomvu mweupe.

Katika familia hiyo hiyo yumo Acherontia atropos, mwenye alama ya manjano mgongoni inayofanana na fuvu la kichwa cha mtu. Akishikwa hutoa sauti kali, kwa kupitisha hewa katika mrija wake mfupi na mgumu. Kwa ajili ya alama hiyo na sauti hiyo, katika nchi nyingi amehesabiwa kuwa ni mkosi na ameuawa bila kosa. Ukweli wake ni mwepesi. Huingia kwenye mizinga ya nyuki kuiba asali, na kiwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya nyanya, mbilingani na tumbaku. Hana sumu, haumi, wala hana habari yoyote ya mtu.

Familia ya pili ni Saturniidae, yenye nondo wakubwa kuliko wote wa Afrika. Mabawa yao ni mapana, mara nyingi yana doa la jicho katika kila bawa, na papasi za dume ni unyoya mpana. Mdomo wao haufanyi kazi: chakula chote walikula walipokuwa viwavi, na nondo mzima huishi siku chache tu, kwa kuzaa. Ndiyo maana chambo cha ndizi hakiwaleti. Huja kwenye taa, aghalabu usiku ukiwa umekwenda. Bunaea alcinoe, aliyeenea Afrika kusini mwa Sahara, ana rangi ya kahawia iliyoiva na doa la jicho la rangi ya chungwa kwenye bawa la nyuma. Kiwavi wake ni mweusi mwenye miiba myeupe, na mashariki mwa Kongo na kwingineko nchini humo viwavi hao huliwa na watu. Gonimbrasia zambesina, ndugu yake, anafahamika katika pwani ya Kenya kwa viwavi wake wanaokula majani ya miembe.

Familia ya tatu, Erebidae, ni kubwa na ina sura nyingi. Cyligramma latona ni mkubwa, wa kahawia, na mstari mpana mweupe unavuka mabawa yote manne, pamoja na doa la jicho kwenye bawa la mbele. Mchana hujificha penye giza, kwenye mashina na mapango, na usiku hufika kwenye chambo. Eudocima phalonia akitua anafanana na jani kavu. Akifunua mabawa ya nyuma huonekana rangi ya chungwa yenye alama nyeusi ya mwezi mwandamo. Mrija wake una meno ya kutobolea, naye hutoboa machungwa na matunda mengine kunyonya maji yake. Huyu ni nondo wa nadra ambaye mharibifu ni mzima, si kiwavi. Katika familia hii wamo pia wale weupe, wa manjano na wekundu wa kundi la Arctiinae, ambao rangi zao humwonya adui kuwa ni wachungu, na wale wenye manyoya mengi wa kundi la Lymantriinae, ambao viwavi wao huwasha.

Familia ya nne ni Noctuidae. Wengi ni wa kiasi, wa kijivu au kahawia, mkao wa paa, na alama mbili kwenye bawa la mbele: moja duara, nyingine figo. Hawapendezi machoni, lakini mkulima anahitaji kuwajua kuliko wengine, na habari zao zinafuata baadaye. Familia ya tano, Geometridae, ina miili myembamba na mabawa mapana yaliyobanwa bapa kwenye jani au gome; wengine ni wa kijani kibichi. Kiwavi wao hana miguu katikati ya mwili, hivyo hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama mtu anayepima kwa shubiri. Familia ya sita, Crambidae, ni ya wadogo wenye miguu mirefu na pua mbele ya kichwa. Ya saba, Limacodidae, ina nondo wanene wafupi, na viwavi wafupi wasioonyesha miguu, wenye miiba inayochoma vikali. Baadhi yao hula majani ya minazi. Nje ya hizi ziko familia nyingi za nondo wadogo wasiofika sentimita moja, wanaohitaji kioo cha kukuza.

Masikio nayo husaidia kutambua. Noctuidae na Erebidae wengi wana masikio kifuani. Geometridae wanayo tumboni. Masikio hayo yanasikia mlio mwembamba wa popo wanaokula wadudu, ambao mwanadamu hausikii. Funguo zikitikiswa karibu na taa hutoa sauti ya namna hiyo, na nondo wenye masikio hujitupa chini au kukata kona ghafla, wakati Saturniidae, wasio na masikio hayo, huendelea na safari. Baadhi ya Arctiinae hujibu kwa mlio wao wenyewe, unaomkumbusha popo uchungu wao. Popo mkubwa wa Pemba hayumo katika vita hivi: yeye hula matunda na hutumia macho na pua. Wanaowinda nondo ni popo wadogo, pamoja na bundi mdogo wa Pemba, ambaye chakula chake ni wadudu.

Sasa kuhusu shamba. Kuna kawaida ya kuhesabu kila kiwavi kuwa ni adui, na kawaida hiyo haina msingi. Waharibifu wanajulikana kwa majina, nao ni wachache. Kiwavijeshi wa Afrika, Spodoptera exempta, hushambulia nafaka na malisho kwa makundi baada ya mvua. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, alitoka Amerika, akaripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, na zao analolipenda ni mahindi. Hawa wote wawili ni Noctuidae. Chilo partellus, wa Crambidae, aliingia Afrika kutoka Asia katika karne ya 20. Kiwavi wake ni mmoja wa funza wa mabua. Maruca vitrata, naye wa Crambidae, hutoboa maua na maganda ya kunde. Mabawa yake ya mbele ni ya kahawia yenye dirisha jeupe, na ya nyuma ni meupe yenye ukingo wa kahawia.

Mkulima anayewatambua nondo hawa wakiwa wazima anapata taarifa mapema. Kati ya nondo kufika kwenye taa na viwavi kuonekana shambani hupita siku kadhaa za kutaga na kuangua, na siku hizo ndizo za kukagua majani na kuponda mayai. Kwa msingi huu huu, Afrika Mashariki imetumia kwa miaka mingi mitego yenye harufu ya jike kutabiri milipuko ya viwavijeshi. Na anayetambua wasio waharibifu anaepuka hasara nyingine, ya kunyunyiza dawa inayoua wachavushaji wa mipapai yake pamoja na nyigu wanaowala viwavi.

Jina la spishi halipatikani kila mara kwa macho. Wako nondo wanaofanana kiasi kwamba hutenganishwa kwa kupasua viungo vya uzazi chini ya hadubini, au kwa kusoma kipande cha vinasaba vyao. Mwangalizi mwaminifu huishia pale ushahidi unapoishia. Akiandika kwamba ni wa familia ya Geometridae, akasimama hapo, ameandika jambo la kweli. Akibahatisha jina la spishi, ameharibu daftari lake.

Kumbukumbu nzuri ina mambo machache yasiyokosekana: tarehe, saa, mahali, aina ya mimea, hali ya hewa, umri wa mwezi, taa au chambo kilichotumika, na picha mbili za kila mdudu, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni, pamoja na rula. Kiwavi akipatikana, mmea aliokuwa akiula huandikwa na jani lake hupigwa picha. Akilelewa katika chombo chenye matundu, kwa majani ya mmea ule ule, hugeuka pupa na hatimaye nondo, na hiyo ndiyo njia ya hakika ya kuunganisha kiwavi na mzazi wake. Picha huweza kulinganishwa na kitabu cha Elliot Pinhey cha mwaka 1975 kuhusu nondo wa kusini mwa Afrika, ambamo wamo wengi wanaofika pwani hii, au kuwekwa kwenye programu ya iNaturalist, ambako wataalamu huzipitia. Jijini Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina hazina kubwa ya vielelezo vya wadudu vya kulinganishia.

Usiku mmoja hutoa orodha. Usiku baada ya usiku mahali pale pale hutoa maarifa. Shuka likitandwa kila mwezi siku za giza, katika sehemu ile ile ya msitu na kwa taa ile ile, daftari huonyesha nani hutoka na masika, nani na vuli, na nani huonekana mwaka mzima. Likitandwa pia kwenye shamba la mikarafuu la jirani, huonyesha ni nondo gani wanaoweza kuishi nje ya msitu na ni gani wasioweza. Hao wa mwisho ndio hasa wanaotegemea Ngezi. Miti wanayoila ikikatwa yote, hawana mingine ya kuhamia ng'ambo ya mkondo ule mpana wa bahari, na kuwajua kwa majina, pamoja na mimea yao, ni hatua ya kwanza ya kujua ni miti ipi isikatwe.